Mbuzi wa Seramu

Nikiwaambia watu kwamba maisha yangu yaligeuzwa na mbuzi, wanacheka. Wacheke. Mimi yule mbuzi nilimjua vizuri kuliko wengine wanavyowajua mashemeji zao. Alikuwa beberu mweupe aliyehasiwa, sikio la kushoto limechanika, na shingoni ana kovu pale nilipokuwa namtoboa kila baada ya wiki tatu kumtoa damu. Hakuwa mkorofi. Nikimfuata na sindano alisimama tu anatafuna, ananiangalia kwa dharau.

Alikuwa mbuzi wa mradi. Mradi wenyewe ulikuwa wa panya, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa, kwa hiyo nianze taratibu.

Kaka yangu alirudi kutoka Ulaya na udaktari wa mifugo, na nia moja: kuchora ramani ya ubongo wa panya buku. Namwita kaka, ingawa ni mtoto wa baba mkubwa. Wazazi wake walifariki akiwa mchanga, na mama yangu akamnyonyesha pamoja na mtoto wake wa kwanza. Yule wa kwanza akafa kwa surua. Huyu akabaki. Mimi nilizaliwa miaka mingi baadaye, na nilipopata akili nikakuta mama ana mtoto mmoja tu machoni pake, naye alikuwa shuleni, anasoma, anafaulu, anaandikiwa barua.

Panya weupe wa maabara, alisema, wazungu walishawamaliza. Yeye aliwataka wetu, wale wakubwa wenye mifuko mashavuni, wanaotumalizia mahindi huko kwetu Suji, mlimani, na kwenda kuyaficha ardhini. Alinieleza kwamba ndani ya ubongo kuna protini ambayo kazi yake ni kulea seli za neva zisife. Ikikosekana, seli zinanyauka. Iko kwa wingi kwenye sehemu inayohusika na kumbukumbu, sehemu iliyojikunja kama pembe ya kondoo, na yeye alitaka kujua kwa panya anayekumbuka kila shimo alilofichia chakula hali ikoje. Siku moja, akasema, kazi kama hii itawasaidia wazee wanaosahau majina ya watoto wao. Nilimwamini. Nilimwamini kwa kila kitu, nilikuwa mjinga wa kiwango hicho.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekosa nafasi ya kuendelea, nipo Suji nalima maharage na mama na kugombania zamu ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Kaka akaja akaniambia niteremke Same, anipe kazi. Alikuwa amepanga nyumba nyuma ya stesheni, vyumba vitatu: kimoja cha mitego na vizimba, kimoja cha hadubini, kimoja analala yeye. Mimi nililala kwa shangazi wa watu, mjane mmoja wa kanisani. Nyumbani nilimwita kaka. Kazini, mbele ya watu, nilimwita Daktari.

Miaka yenyewe mnaikumbuka, au wazazi wenu wanaikumbuka. Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, unga wa njano wa msaada unaonuka gunia. Mtu anaolewa na shuka la kuazima. Katika hali hiyo sisi tunakata ubongo wa panya vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara. Nta ya kugandishia ubongo haikuwepo madukani, basi tulinunua ya nyuki kwa warina asali wa milimani, tukaichuja na kuiyeyusha kwenye jiko la mchina. Friji ilikuwa ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa yakiadimika Same, nilipanda lori mpaka Hedaru na dumu, kwa sababu Hedaru magari yanasimama na vitu vinapatikana kwa mlango wa nyuma.

Kazi ya rangi ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na ndiyo iliyonimaliza, kwa hiyo nivumilieni. Kuna kingamwili mbili. Ya kwanza imetengenezwa ndani ya sungura, huko Ulaya, ikaja kwenye kichupa kidogo kama cha marashi. Hiyo inaitafuta protini na kuishika. Ya pili haiijui protini kabisa. Kazi yake ni kumtafuta sungura: popote itakapokuta kitu cha sungura inakishika, nasi tukitia dawa panageuka kahawia. Ukiona kahawia, ujue protini ipo hapo. Lakini ubongo unanata, na kingamwili zinaweza kung'ang'ania hata pasipowahusu. Ndiyo maana kabla ya zote mbili unaupaka seramu ya mbuzi, yale maji ya manjano yanayobaki juu damu ikiganda, ili kuziba sehemu zinazonata. Mbuzi, kwa sababu ile kingamwili ya pili haina habari na mbuzi. Karatasi ya maelekezo ilisema mbuzi, na ilisema hivyo mara tatu.

Na kila safari ya kupaka rangi unaacha kipande kimoja bila kukitia ile ya kwanza. Hicho ni cha kulinganishia. Kinatakiwa kitoke cheupe. Kikitoka kahawia, kuna mahali umeharibu, na hata vile vizuri huviamini tena.

Hayo yote nilijifunza kwa miezi minne. Mkono wangu ulikuwa mwepesi, kaka mwenyewe alikiri wake ni mzito. Nilikata, nilipaka, nilikaa kwenye hadubini na penseli, kila seli ya kahawia nukta moja kwenye karatasi. Ramani zilikuwa zangu. Niliijua ile pembe ya kondoo ya panya buku kama nijuavyo njia ya kupanda Suji na mzigo kichwani, wapi panateleza, wapi pa kupumzika. Na daftari la kazi niliandika mimi, kila siku, kila hatua: panya gani, kipande cha ngapi, seramu ya nini, kingamwili kiasi gani, kipande cha kulinganishia kimetokaje.

Kaka aliniahidi nafasi ya kusomea ufundi wa maabara, miaka miwili, chuoni. Halikuwa neno la kupita. Fomu ilikuja, nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri wa sikukuu, nikaibandika picha. Kilichobaki ni sehemu ya mkuu wa kazi kusaini na kuandika sifa zangu. Akaiweka mezani kwake chini ya jiwe. Kila asubuhi nikifagia chumba kile nililiinua lile jiwe, nafuta vumbi, naiona fomu, nalirudisha. Nilikuwa nimeshakosa mara moja. Nikikosa tena, ni jembe mpaka naingia kaburini.

Sasa, mbuzi.

Tulitangaziwa ugeni. Watu wawili kutoka kwa wafadhili wa mradi, mzungu mmoja na mama mmoja wa wizarani, wanapita Same kuona kazi. Siku hiyo asubuhi kaka akanituma Hedaru kufuata mafuta ya taa. Nikaona sawa, friji isizimike mbele ya wageni. Nilirudi mchana na dumu langu, nikashuka kwenye lori, nikaingia uani, nikakuta ngozi nyeupe imetandazwa juu ya seng'enge. Sikio la kushoto limechanika.

Mama alikuwepo. Kaka alimwita kutoka mlimani aje kupika, na amekaa kwenye kigoda ana furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni kwake tangu baba afariki, anageuza nyama. Watu walikuwa hawajala nyama tangu Pasaka. Nilisimama na dumu mkononi, nikamwambia kaka kwa sauti ya chini kwamba huyo alikuwa mbuzi wa seramu. Akanishika bega, anacheka, ananukia sabuni ya wageni.

"Mbuzi ni mbuzi, mdogo wangu. Tutapata mwingine."

Mama akapewa kidari mbele ya wageni wote, kwa heshima ya kumlea Daktari. Akakipokea kwa mikono miwili na kupiga goti, akatokwa na machozi. Nami nilikula, niseme ukweli. Nilikula paja na nikarudia. Ilikuwa nyama tamu, mafuta yanachuruzika hadi kiwiko, na kwa muda ule sikuwaza kingamwili wala nini.

Wageni waliondoka wameridhika, wakaacha neno: ramani kamili iwafikie kabla ya mwisho wa mwaka, waamue kama wanaendelea nasi. Seramu iliyobaki kwenye friji ilitosha safari tatu. Ikaisha.

Kununua mbuzi mwingine, mtasema. Nasi tulisema. Mnada wa Hedaru ulikuwa umefungwa kwa karantini, ugonjwa wa mifugo, hakuna mbuzi kuvuka barabara. Kuagiza kichupa nje kulihitaji kibali cha fedha za kigeni, na kibali hakikujibiwa. Nilimwambia kaka tuombe kwa majirani huko Suji, tumtoboe mbuzi wa mtu na kumrudisha akiwa mzima. Hapo akanijibu ukweli, na mimi niliujua: sisi tulishapewa jina la mumiani. Watu waliona tunabeba vichupa vya damu. Wamama walikuwa wanawaita watoto ndani nikipita. Nani angemtoa mbuzi wake kwa mumiani? Na huyo wa kwanza, wakiuliza yuko wapi, tutasema tumemla?

Jumapili iliyofuata nilikuwa Suji kwa mama, naye kaka akapanda baada ya ibada. Tulikuwa tumeketi uani tunakula makande, jua limesimama. Hakula. Akazunguka nyuma ya jiko kwenye banda la sungura wa mama, akarudi amembeba mmoja wa kijivu. Akamwambia mama amshikie. Mama akafuta mikono kwenye khanga, akampakata sungura, akamshika kwa ngozi ya shingo asiruke, huku anamwongelesha Kipare kama mtoto anayechanjwa. Kaka akatafuta mshipa wa sikio, akaingiza sindano. Walifanya hivyo kwa sungura wanne. Mimi nilisimama nimeshika sahani yangu.

Jumatatu kazini akanipa chupa. Nikamwambia, "Kaka, karatasi inasema mbuzi." Nilisahau hata kumwita Daktari.

"Karatasi iliandikwa na watu wenye maduka," akasema. "Hii itatuvusha tu. Andika mbuzi."

Nikaandika mbuzi.

Sasa fikirini. Umeibiwa unga, unamtafuta mwizi kwa kuangalia mikono yenye unga, halafu kabla hujaanza kutafuta unawapaka unga kijiji kizima. Ndicho tulichofanya. Tuliupaka ubongo wote sungura, kisha tukamwachia yule anayemtafuta sungura. Ulitoka kahawia kila mahali, na kwenye ile pembe ya kondoo, ambako seli zimesongamana, ulikuwa umekolea mpaka ni mzuri kuuangalia. Na kipande cha kulinganishia, kile kinachotakiwa kibaki cheupe, kilikuwa kahawia kama wenzake.

Nilimpelekea kaka. Akainama kwenye hadubini muda mrefu. Yeye ndiye aliyenifundisha maana ya kipande kile, hivyo msiniambie hakuelewa. Alipoinua uso aliniangalia, kisha akaliangalia lile jiwe mezani, na mimi nikaliangalia. Akaniambia vipande vya kulinganishia niviweke kwenye boksi la peke yake, visichanganyike na vingine, na kwenye daftari niandike vimetoka safi.

Nikaandika safi. Mara kumi na moja, kwa kalamu ileile. Sitajitetea. Mtu akiniuliza kwa nini, jibu lilikuwa chini ya jiwe.

Ramani ikaenda. Huko ilikokwenda wakashangilia. Panya wa Upare ana protini nyingi kuliko panya yeyote aliyewahi kuchunguzwa. Kaka akaalikwa kuzungumza. Aliporudi alimletea mama bati za kutosha nyumba nzima, sabuni katoni nzima, na redio. Mama aliwaita majirani waje kusikia mvua ikipiga bati. Kuhusu fomu akaniambia muda wa kuituma haujafika, niwe na subira, na mimi nikawa na subira.

Kisha ikaja barua. Wenzake wa nje walijaribu wenyewe kwa panya kama wetu waliowapata nchi nyingine, wakakuta kiasi cha kawaida tu. Waliomba kwa adabu watumiwe vipande vichache pamoja na vya kulinganishia. Kaka hakujibu. Ikaja ya pili, safari hii kupitia chuo kikuu, na nyuma ya barua akaja mzee mmoja wa chuo, profesa mpole mwenye koti la kijivu, aliyeshuka kwenye basi na mkoba wake mwenyewe na kuniamkia vizuri kana kwamba mimi ni mtu.

Tuliketi watatu kwenye chumba cha hadubini. Profesa alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa, hana haraka. Akaniuliza mwandiko ni wa nani. Nikasema wangu. Akaniuliza hapa umeandika seramu ya mbuzi, je, huyo mbuzi naweza kumwona? Nikamwambia aliliwa. Nilimwambia lini, na kwa ajili ya nani, na nini kilifuata. Nilisema yote, nikijua kaka atainama na kukiri, kwa sababu ilikuwa wazi, na kwa sababu alikuwa kaka.

Kaka hakuinama. Alimwambia profesa kwamba mbuzi alikufa kwa ugonjwa, kwamba alimwagiza msaidizi wake atafute mwingine, na kwamba msaidizi kwa uvivu wake wa kwenda mnadani alichukua sungura wa nyumbani kwao na kuficha. Yeye aliamini daftari. Angejuaje, daftari linasema mbuzi, linasema safi. "Huyu binti," akasema, "nilimwamini kupita kiasi." Hakuwahi kuniita huyu binti kabla ya siku ile. Nilitaka kumrukia, nimkwaruze ule uso ulionyonya ziwa la mama yangu, na badala yake nilikaa nimeshika kingo za kiti kama mgonjwa.

Lile boksi lilikuwepo kabatini. Nikalitoa nikaliweka mezani. Profesa akaangalia vipande viwili, akatikisa kichwa kwa huzuni. Vilikuwa kahawia, naam. Lakini kahawia haisemi nani aliagiza. Ilisema tu kwamba kwenye daftari, kwa mwandiko wangu, kuna uongo mara kumi na moja.

Nikamkumbuka mama. Nikamwambia profesa, yupo aliyepika yule mbuzi, na ndiye aliyewashika wale sungura wakati Daktari anawatoboa. Twende Suji. Kaka akasema sawa, twende.

Gari la mradi likatupandisha. Njia nzima nilikuwa na amani, jamani, nilikuwa na amani kabisa. Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa. Aliwahi kumrudia mwenye duka kutoka nusu ya njia kwa sababu alizidishiwa chumvi. Nilimwona kwa mbali uani anachambua maharage kwenye ungo, bati zinang'aa juu yake, nikasema moyoni, yamekwisha.

Profesa alimwamkia shikamoo, ingawa hawakuachana sana umri. Mama akaitikia marahaba, akaleta viti, akataka kwenda kuchemsha chai. Profesa akamwomba aketi kwanza. Akamwuliza polepole, kwa Kiswahili chepesi: je, anakumbuka mbuzi mweupe aliyechinjwa Same siku ya wageni? Na sungura wake, nani aliwatoa damu?

Mama aliangalia ungo. Kaka alikuwa amesimama karibu na nguzo ya baraza, ameshika kofia yake kifuani, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto mchanga aliyebaki. Mama alimwangalia yeye. Mimi hakuniangalia.

"Sikumbuki, baba," akasema. "Sungura ni wa huyu binti."

Akainuka kwenda kuchemsha chai. Tuliinywa. Hata mimi niliinywa.

Wiki ileile nilirudishwa mlimani. Ramani ikafutwa, kwa maelezo kwamba msaidizi alikosea na kuficha. Kaka akapewa pole na nafasi nyingine, na baada ya hapo nyingine kubwa zaidi, na sasa ni mtu wa kupokewa kwa vigelegele. Fomu yangu sikuiona tena. Niliambiwa chumba kilipohamishwa karatasi za mezani zilichomwa, nikabaki najiuliza kama lile jiwe nalo walilichoma. Boksi nililichukua mimi, hakuna aliyelitaka.

Siwezi kuwadanganya kwamba nilisamehe. Niliishi na mama nyumba moja, chini ya zile bati, kwa miaka mingi kuliko ninavyotaka kuhesabu, na kila mvua iliponyesha nilisikia jinsi alivyoniuza. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpeleka kanisani. Sikumuuliza na hakuniambia. Mambo yakafunguka, maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, nami nikaingia kwenye mitumba; nikawa nafungua marobota Same, nauza Hedaru siku ya soko. Niliolewa, nikaachika, nikarudi. Kila Krismasi kaka alikuja na gari na mbuzi mzima nyuma, na mama alimlaki getini kwa kupiga makofi. Mbuzi huyo sikuwahi kumla. Nilisema tumbo linanisumbua, na kila mwaka mama aliitikia, haya, pole.

Kisha mama akaanza kusahau. Kwanza sufuria motoni, kisha njia ya kisimani, kisha majina. Nilijua kinachoendelea ndani, mimi niliyekaa mwaka mzima na ile pembe ya kondoo chini ya hadubini, na nilikuwa naziona zile seli zinanyauka moja moja, hazina wa kuzilea. Kaka alipokuja Krismasi ya mwisho, mama alimpa shikamoo, akamkaribisha mgeni, akamwuliza anatoka wapi. Mtu mzima na suti yake akaenda kulia nyuma ya gari. Nilimtazama tu. Nilijisikia vibaya kwamba sikumhurumia, lakini sikumhurumia.

Mimi alinipoteza baadaye kidogo. Alinifanya kuwa nesi wa zahanati, na nikimbishia alikuwa anaogopa na kulia, basi nikawa nesi. Asubuhi moja nilikuwa namwogesha uani, nimemkalisha kwenye kigoda, maji ya uvuguvugu, jua la saa tatu. Halafu akaanza kuongea, kwa sauti safi kabisa, sauti ya zamani.

"Nesi, alikuwa mweupe yule mbuzi. Sikio lilichanika. Mimi nilipewa kidari."

Mkono wangu ulisimama mgongoni kwake.

"Na sungura niliwashika mimi," akasema. "Yeye alitoboa, mimi nikashika. Wanne. Binti yangu amesimama pale na sahani yake." Akageuka kuangalia mlango wa nyumba, kama mtu anayechelea kusikiwa, akanivuta kwa kiganja chenye sabuni. "Ila huyo binti usimwambie. Yeye anadhani sikumbuki."

Maji yalikuwa yanapoa. Nikachota kata moja, nikammiminia begani.

"Sitamwambia, mama," nikasema.